Kobe wa Mtwara na Majira ya Ukame

Vitabu vingi vya ufugaji wa kobe vimeandikwa katika nchi za baridi. Humo msomaji huelekezwa kumwandaa mnyama wake kwa usingizi wa majira ya baridi: asilishwe kwa majuma kadhaa ili utumbo uwe mtupu, kisha apewe udongo tifutifu na majani makavu ajifukie. Mashauri hayo yamfaa kobe wa Marekani aitwaye Terrapene. Kwa kobe wetu wa Chuno hayafai hata kidogo, na yaweza kumwua.

Kobe ni mtambaazi. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Baridi inapozidi, kazi zote za mwili hupungua, hata akiba ndogo ya mafuta ikatosha kwa miezi mingi. Mtwara haina baridi ya namna hiyo. Tulicho nacho ni ukame, tangu Juni hivi hadi mvua za Novemba au Desemba. Kobe wa jenasi ya Kinixys, ambao wakikomaa sehemu ya nyuma ya gamba lao la juu hujikunja kama bawaba na kuilinda miguu, hujificha wakati huo chini ya majani au mashimoni. Hatari yao ni kukaukiwa.

Je, maji huhifadhiwaje? Taka nyingi za nitrojeni hutolewa kwa umbo la asidi ya yuriki, ambayo huhitaji maji machache. Tena kibofu ni ghala: maji yaliyomo hufyonzwa upya na mwili. Basi mtoto amwokotapo kobe mwezi wa Septemba, naye akakojoa kwa hofu, amempotezea akiba ambayo huenda asiipate tena mpaka mvua inyeshe. (Kufuga wanyamapori bila kibali, kwa vyovyote, hakuruhusiwi.)

Adui mkubwa zaidi ni moto. Kabla ya kuokota korosho, wakulima husafisha chini ya mikorosho na kuchoma takataka. Rundo lililokaa majuma kadhaa limekwisha kuwa makao. Lipekuliwe kwanza, au lichomwe siku ile ile lilipokusanywa.

Wanafunzi wapime wenyewe. Saa nane mchana, chukueni joto la mchanga ulio juani, kisha la udongo chini ya majani makavu kivulini, kisha la kina cha sentimita 20 hapo hapo. Kipimajoto cha hospitali hakifai, kwa kuwa vipimo vyake huishia karibu na nyuzi 42 za Sentigredi, na mchanga wa juani waweza kupita hapo.