Olimpiadi ya Biolojia: Kukariri Hakutoshi

Olimpiadi ya Kimataifa ya Biolojia ilianza mwaka 1990 mjini Olomouc, Chekoslovakia, kwa nchi 6 tu. Mwaka 2023 ilifanyika Al Ain, Falme za Kiarabu. Kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi 4. Aliyekwisha kuanza chuo kikuu haruhusiwi, kwa hiyo mimi na wewe zamu yetu imepita. Wanaohusika ni wadogo zetu wa sekondari.

Kuna mtihani wa nadharia na wa vitendo. Swali la nadharia mara nyingi hutoa mchoro wa data, kisha sentensi kadhaa, na mwanafunzi aamue ipi ni kweli na ipi si kweli. Tuchukue mtu aliyefunga tangu alfajiri. Mchoro unaonyesha sukari ya damu yake ikishuka kidogo tu hadi magharibi. Aliyekariri kwamba insulini hushusha sukari atakwama hapo. Anayefikiri atauliza: hajala, sasa sukari hii inatoka wapi? Inatoka kwenye ini, linalovunja akiba yake ya glikojeni kwa amri ya homoni ya glukagoni, huku insulini ikiwa imepungua.

Kwenye vitendo ni kupasua, kupima na kutazama kwa hadubini, saa ikikimbia. Hadubini iliyofungiwa kabatini haimwandai mtu kwa hilo. Wewe unayesoma biolojia au udaktari, omba maabara Jumamosi moja, uwaite wanafunzi wa shule ya jirani. Anza na ngozi nyembamba ya kitunguu na tone la iodini, nao wachore wanachokiona kabla hawajafungua kitabu.