Kumfundisha Mwanasesere Kuchuna Majani

Mwanasesere wangu wa kwanza aliharibiwa na nyanya yangu, Kogo, kwa sentensi moja tu. Nilikuwa nimemwokota katika rundo la mitumba sokoni Litein: askari wa plastiki, kimo kama sentimita tisa na nusu, rangi ya pua imebanduka. Nikampokonya bunduki, nikamvisha aproni ya pakiti ya maziwa (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, kwa hiyo pakiti za maziwa siku hizi ni mali), nikambebesha kikapu nilichosuka kwa waya mwembamba wa simu. Kogo alipokuja kunywa chai nikamweka mezani mbele yake. Akamtazama weee.

"Huyu hachuni," akasema. "Huyu anaomba ruhusa ya kwenda chooni."

Alikuwa sahihi. Kogo amechuna majani ya chai zaidi ya nusu ya maisha yake, na mwili wake bado unakumbuka. Mchunaji hunyoosha mikono yote miwili mbele, viwiko vimekunjika kidogo, vidole vinakata majani mawili na chipukizi. Viganja vikijaa, mkono mmoja hupanda, hupita juu ya bega na kumwaga majani kikapuni mgongoni bila macho kugeuka. Askari wangu aliweza kuinua mkono mbele, wima kama fito, na kuushusha. Basi.

Ukinunua mwanasesere wa bei rahisi, mara nyingi utapata viungo vitano: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Ndivyo kampuni ya Kenner ya Marekani ilivyowaunda wanasesere wake wadogo wa Star Wars mwaka 1978, na mtindo huo haujafa. Hasbro walipotoa G.I. Joe wa kimo kilekile mwaka 1982 waliwapa viwiko na magoti, na kiuno wakakishikilia kwa mpira wa duara uliofichwa tumboni. Mwaka uliofuata mkono ukaweza kuzunguka juu ya kiwiko, na mwaka 1985 shingo ikawekewa gololi. Ukibahatika kumpata mmoja wa hao kwenye rundo, tafadhali usimkate. Mfungue parafujo mgongoni, ubadilishe mpira uliooza kwa pete ya mpira ya fundi bomba yenye ukubwa unaolingana, umfunge tena. Mipira ya kufungia noti usijaribu. Hukauka na kukatika upesi.

Ninaowakata mimi ni wale wa viungo vitano. Na kosa langu la mwanzo lilikuwa kutaka kuwapa kila kiungo alicho nacho binadamu. Mmoja nilimtia viungo kumi na vinne, akawa kama mlevi wa jioni ya bonasi: ukimgusa mkono, goti linaanguka. Siku hizi naanza na tendo. Najiuliza huyu atafanya nini, nasimama mbele ya kioo, nalifanya tendo lenyewe polepole, halafu nahesabu ni wapi mwili wangu umekunjika. Kuchuna majani kunahitaji viwiko viwili, bega moja linaloweza kwenda juu na nyuma, na kiuno kinachoinama kidogo. Magoti ya mchunaji yamefichwa na michai. Niyahangaikie ya nini?

Kwanza kumng'oa mkono. Chemsha maji, mimina kikombeni, mtumbukize hadi mabega yazame kwa dakika moja au mbili. Hapa Kericho tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo latosha kabisa kulainisha plastiki ya mabega. Vuta huku ukizungusha. Mkono ukikataa, mrudishe majini. Usitumie nguvu, maana kipini cha ndani kikikatika utakuwa umejipa kazi ya wiki nzima.

Kabla ya kukata, kumbuka kwamba msumeno nao hula. Ubapa mwembamba wa msumeno wa chuma hula karibu milimita moja, na kwa mtu wa sentimita tisa na nusu hiyo ni kama kumpunguza mtu mzima karibu sentimita mbili. Kata viwiko viwili kwa uzembe na utapata mchunaji mwenye mikono ya mtoto. Plastiki laini, ile inayoacha alama ukiibonyeza kwa ukucha, naikata kwa wembe mpya. Ngumu ndiyo naipa msumeno. Mstari wa kiwiko uweke usawa wa kiuno, mkono ukiwa umening'inia.

Sasa kiungo chenyewe, na hapa mwalimu wangu ni mwavuli. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na upepo wa mvua ya mawe huvunja miavuli kama mabua. Okota mmoja uzitazame mbavu zake: chuma chembamba kimeingia katikati ya kingine chenye mdomo, na kipini kidogo kimepita kati yao. Hukunjuka na kukunjika miaka na miaka. Kiwiko cha mwanasesere ni hichohicho. Upande wa juu wa mkono nauchonga mfereji. Upande wa chini nautia ulimi. Kipini kinapita katikati. Ulimi nautengeneza kwa ile kadi kubwa ambayo laini ya simu humegwa ndani yake. Kama kadi ya benki, ina unene usiofika milimita moja; mbili zikigandishwa pamoja zinatosha. Kipini nakikata kwa koleo kutoka kwenye waya mwembamba wa mwavuli uleule.

Tundu la kipini ndilo linaloamua kila kitu. Nilipoanza nilichoma kwa sindano iliyopashwa moto jikoni, kwa sababu ni haraka. Usifanye hivyo. Moshi wake ni mbaya, na tundu hutoka pana, lenye midomo iliyovimba, mkono ukabaki unaning'inia kama kamba ya kisima. Nunua keekee ndogo kabisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ishike kwa vidole viwili, zungusha kwa mkono. Itakuchukua dakika kumi kwa tundu moja. Kaa nje barazani, sikiliza redio, zungusha.

Kwenye ulimi toboa tundu dogo kuliko kipini, kiingie kwa kulazimishwa. Kwenye kuta za mfereji lipanue kidogo, kipini kipite bila kubanwa. Kwa hiyo kipini kinashikana na ulimi, na kinazunguka ndani ya kuta. Kiungo kizuri hakipimwi kwa umbali kinaofika. Kipime hivi: inua mkono hadi usawa wa kidevu, uache, nenda ukapike ugali. Ukirudi uwe uko palepale. Ukiwa umeshuka, toa kipini, kipake rangi ya kucha tabaka moja, kikauke kabisa, kirudishe. Kukauka kabisa, narudia. Niliwahi kukirudisha kikiwa kibichi na yule bwana akagandia akijikuna sikio hadi leo.

Bega lilinitesa kuliko vyote, kwa sababu kipini cha mwavuli hukunja upande mmoja tu, ilhali mkono wa mchunaji hupanda, hutoka nje na kurudi nyuma kwa mkupuo mmoja. Panahitaji gololi. Nilihangaika mpaka nilipoona shanga zilizotoka kwenye bangili iliyokatika. Chagua ushanga wa duara kamili, upitishe waya, ugandishe kwa gundi, upande wa pili wa waya uzame ndani ya mkono. Kisha panua tundu la bega, jaza udongo wa epoksi, ule wa kuziba matangi yanayovuja, upake ushanga mafuta mazito ya kujipaka, uusukume ndani hadi zaidi ya nusu yake izame. Mafuta yanazuia kushikana. Udongo ukianza kushupaa lakini bado haujawa jiwe, zungusha mkono kidogo, uache, zungusha tena. Ukikauka, utakuwa na kikombe kilichochongwa kwa kipimo cha ushanga huohuo. Bega la kulia nililirudia mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza niliuzamisha ushanga nusu tu na ukachomoka mbele ya wageni.

Epoksi na baridi hawapatani. Mwezi wa Julai, kile kinachokauka kwa saa chache penye joto hapa kinaweza kulala usiku kucha kikiwa bado kinanata. Weka kazi yako chumba cha jikoni, juu ya rafu, mbali na moto. Mimi niliharakisha, nikamweka mmoja kando ya jiko la makaa. Epoksi ilikauka vizuri sana. Miguu ndiyo iliyoyeyuka. Na fungua dirisha unapochanganya gundi hizi, hata kama ukungu utaingia.

Kiuno sikukitengenezea kiungo cha kweli. Nilikata kabari nyembamba mbele ya tumbo, nikapasha kwa maji moto, nikamwinamisha na kugandisha. Ni ujanja wa uvivu, lakini mchunaji hasimami wima hata mara moja.

Mambo mawili ya mwisho kabla ya rangi. Ndani ya mfereji usipake rangi. Itakwanguka siku ya kwanza na kuuziba. Na kikapu kikijaa, atapinduka kinyumenyume, kwa hiyo mtoboe kisigino, msimike kwa kipini kwenye kipande cha ubao. Watoto walio chini ya miaka mitatu wakae mbali: shanga na vipini hivi ni vidogo mno na humezwa.

Nilipomaliza nilimrudishia Kogo bila kusema neno. Nilikuwa nimeotesha kichaka cha mchai kwa sponji ya kuoshea vyombo, na juu yake nimelaza fito, kama wachunaji wanavyoilaza kulinganisha kimo cha majani. Akaushika mkono wa kulia kwa vidole viwili, akaupandisha, akaupitisha juu ya bega, akauacha. Ukakaa.

"Kikapu kiko chini mno," akasema. "Atamwaga njiani." Kisha akaniuliza kama naweza kumtengeneza mwingine, wa kushoto, kwa kuwa yeye mwenyewe hutupia kwa mkono wa kushoto.

Sasa nimeanza mkimbiaji, kwa heshima ya Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, akaongeza fedha Mexico City mwaka 1968. Huyu atahitaji magoti, vifundo vya miguu, na kiuno kinachogeuka kinyume cha mabega. Vipini vinane kwa uchache. Kwa hiyo mwavuli wako ukivunjika msimu huu, usiutupe shimoni. Niwekee.