Kamba wa Naivasha kwenye pipa la nyumbani

Swali: Nafuga kamba wa maji baridi kwenye pipa, maji yakizunguka hadi kwenye sukuma wiki. Mbona wanazidi kupungua?

Jibu: Wanalana. Kamba akijivua gamba hubaki laini siku kadhaa, na wenzake humtafuna. Kata vipande vya bomba la plastiki, kila mmoja apate chake cha kujifichia, na uwape maganda ya mayai yaliyosagwa. Sukuma wiki usiipulizie dawa ya ukungu yenye shaba. Ikishuka majini itawaua. Funika pipa kwa wavu, maana usiku hupanda mpira wa pampu na kutoroka.

Waliletwa Ziwa Naivasha kutoka nje mwaka 1970, wakaangamiza mimea mingi ya majini. Nakusihi, usiwamwage mtoni hata mmoja.