Mfereji wa Fedha na Mashamba ya Murang'a

Katika mtaa wa Fedha, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, si ajabu mfereji kukauka siku kadhaa, watu wakanunua maji kwa mtungi. Wengi husema kwamba ni mvua iliyokosa kunyesha. Neno hilo ni kweli kwa sehemu, maana mwanzoni mwa mwaka 2017 maji ya jiji yaligawiwa kwa zamu kwa sababu bwawa la Ndakaini lilikuwa limepungua. Lakini iko sababu nyingine isiyoonekana mjini, nayo ni udongo wa mashamba ya milimani.

Kwanza yafaa kujua maji hayo yatokako. Karibu yote, kadiri ya sehemu 95 katika 100, hutoka katika mito ya milima ya Aberdare iingiayo Tana. Bwawa la Sasumua liko upande wa Kinangop. Ndakaini liko Gatanga, katika Murang'a, nalo lilimalizwa mwaka 1994, likiwa na nafasi ya meta za ujazo milioni 70. Huko wakulima hulima chai, kahawa na mahindi katika miteremko mikali, na mvua kubwa ikipiga shamba lisilo na matuta, udongo huteremka mtoni. Msomaji na ahesabu mwenyewe: eka 1 ikipoteza udongo wa unene wa milimita 1 tu, unene ambao jicho haliutambui, kilichokwenda ni zaidi ya madebe 200. Mkulima amepoteza samadi yake. Mji umepata matope, ambayo hula nafasi ya maji bwawani na kudai dawa nyingi zaidi wakati wa kuyasafisha.

Matuta si jambo geni Murang'a. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu, hasa wanawake, kuyachimba pasipo malipo. Mwaka 1947 mkutano mkubwa ulikata shauri kwamba wanawake wasichimbe tena, na mwaka 1948 wanawake wenyewe walikwenda bomani kukataa kazi hiyo. Haikuwa kwamba hawakujua thamani ya udongo. Walichoshwa na kazi ya amri ambayo faida yake hawakuiona.

Siku hizi njia imekuwa nyingine. Mwezi wa Machi 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huchangiwa na watumiaji wa maji, miongoni mwao makampuni makubwa, pamoja na mashirika mengine. Waanzilishi walikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumiwa mashambani zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika muda wa miaka 30. Ruzuku hii hasa ni ya vifaa na mafunzo: miche ya miti, nyasi za nepia, na maelekezo ya kupima matuta. Atakaye kidimbwi huchimba shimo kwa nguvu zake, kisha husaidiwa kupata plastiki ya kutandika ndani, ili maji ya mvua yakae na kiangazi asiyateke mtoni. Nepia ikipandwa ukingoni mwa tuta hushika udongo, tena hulisha ng'ombe. Hapo ndipo ilipo tofauti na mwaka 1948, kwa kuwa faida ya kwanza huonekana katika ndoo ya maziwa, kabla maji hayajafika Nairobi.

Wakulima wa bonde la mto Malewa, juu ya ziwa Naivasha, walitangulia katika jambo hili. Wao walipewa hati za kununulia pembejeo, kwa mchango wa watumiaji wa maji walio chini yao.

Hata hivyo ruzuku haimfai kila mtu kwa kadiri moja. Mwenye robo eka huona ukanda wa nyasi umemla mistari miwili ya mahindi. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hapandi mti ambao atauvuna mwingine. Tena tuta lisipotengenezwa baada ya kila mvua ya masika hubomoka, na kazi hiyo humbakia mwenye shamba na jembe lake.