JUMATANO: Hezekia na Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Je, Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi Hezekia nini kabla ya tini kutajwa?

Utaratibu wa habari hii wastahili kuangaliwa. Mfalme aliomba kwa machozi. Bwana akaahidi kumponya na kumwongezea miaka 15. Ndipo Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Dawa haikuletwa kwa sababu imani ilishindwa. Ililetwa baada ya ahadi, na aliyeiagiza ni nabii mwenyewe.

Jambo hili linawagusa wengi wenye shinikizo la juu la damu. Kwa kawaida ugonjwa huu hauumi. Mtu aweza kuishi nao miaka mingi, akilima na kuimba kwaya, huku moyo, ubongo na figo vikiharibika kimyakimya. Hugunduliwa kwa kupimwa. Naye anayemeza vidonge, akiona vipimo vimeshuka, huweza kudhani amepona na kuviacha. Kumbe mara nyingi vimeshuka kwa sababu ya vidonge hivyo hivyo. Kuviacha bila kumwuliza daktari si ushuhuda wa imani. Wapo waliopatwa na kiharusi kwa njia hiyo.

Hata hivyo, vidonge havichukui nafasi ya mazoea ya kila siku. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate na vyakula vya kopo. Chumvi ya kunyunyiza mezani iondolewe kwanza. Ulimi huzoea baada ya majuma machache. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za juma, huusaidia moyo sana. Vivyo hivyo maharage, mboga, matunda, na karanga zisizotiwa chumvi. (Kutokula nyama hakumsaidii sana mtu ambaye maandazi yake huogelea katika mafuta kila asubuhi.)

Linganisha 1 Wakorintho 6:19, 20 na 3 Yohana 2. Mafungu haya yanauhusishaje mwili na ibada?

Mshiriki wa darasa lenu anatangaza kwamba ameacha vidonge vya presha kwa imani. Mtamjibuje bila kumwaibisha, na ni nani atakayefuatana naye kliniki juma hili?