Kabla ya Kubomoa Jikoni, Ketini Wawili



Mwezi huu tuzungumzie mahali ambapo mlo wa kila familia huanzia, yaani jikoni. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za zamani. Nyingine tulirithi kwa wazazi, nyingine tulijenga tulipooana, wakati mfuko ulikuwa mwepesi. Tangu siku hizo sebule imepakwa rangi mara tatu na viti vimebadilishwa, lakini jikoni ni kulekule: kuta nyeusi kwa masizi, dirisha moja dogo, na paa linalovuja juu ya kuni. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tuingie mpaka kule nyuma ambako wageni hawafiki.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nyumba yetu ilijengwa na marehemu baba yangu mwaka wa 1978, kwa matofali ya kuchoma na mabati, na jikoni imeshikana nayo upande wa nyuma. Mwaka mmoja, baada ya kuuza mahindi, mke wangu alikwenda kwao kumuuguza mama yake kwa wiki tatu. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumfurahisha. Nikamwita fundi. Tukaziba ule uwazi kati ya ukuta na paa kwa sababu ulikuwa ukipitisha vumbi, tukapiga dari, tukajenga meza ya zege ya kuwekea meko, kimo chake kama nilichokiona katika nyumba moja mjini. Fundi aliniuliza, "Mama anasemaje?" Nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi.

Mke wangu aliporudi alinishukuru kwa adabu. Lakini wiki haikwisha kabla sijamkuta nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, ameweka mafiga matatu, anasonga ugali. Nilikasirika. "Mama, watu watasema nini? Pesa zote zile!" Hakubishana nami. Alinyosha mkono akanipa mwiko, akasema, "Baba watoto, kesho usonge wewe, huko jikoni kwako."

Kesho yake niliwasha kuni. Sufuria ilikuwa karibu na kifua changu. Nikikandamiza mwiko, sufuria inateleza. Moshi nao haukuwa na pa kutokea, ukanizunguka. Kabla ugali haujaiva nilikuwa nje, machozi yananitiririka, na watoto wananicheka. Lakini kilichoniuma zaidi ni neno alilolisema mke wangu jioni, bila hasira: "Hukuniuliza hata kitu kimoja." Alikuwa amepika mle ndani kwa miaka 14, nami sikufikiri kwamba kuna chochote anachokijua kuhusu mahali pale.

Tulibomoa meza ile na dari ile, tukalipa mara mbili. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, pamoja na mengine niliyoyapata kwa mafundi. Yasomeni pamoja.

1. Mpishi aseme kwanza

Kabla ya kumwita fundi, chukueni daftari mketi wawili. Anayepika ndiye aanze kusema, na mwenzake aandike bila kumkatiza. Anasimama wapi? Anainama mara ngapi? Maji anayatoa wapi, na anayamwaga wapi? Mvua ikinyesha, paa linavuja upande gani? Mtoto mchanga hukaa wapi mama anapopika?

Bwana, ukitaka kuelewa majibu hayo, pika wewe kwa siku tatu. Usione haya. Injili ya Yohane, sura ya 21, inatueleza kwamba Bwana wetu baada ya kufufuka aliwatayarishia wanafunzi wake samaki na mkate kwenye moto wa makaa. Kama yeye hakuona kazi hiyo kuwa ndogo, sisi ni nani?

2. Ikagueni nyumba kama daktari

Nyumba ya zamani ina magonjwa yaliyojificha. Gongeni nguzo na boriti za paa: zikitoa sauti ya uwazi, huenda mchwa wamekula ndani. Tazameni nyufa. Ufa mwembamba kwenye lipu si kitu, lakini ufa unaokata matofali au unaozidi kupanuka ni shauri la fundi mwenye ujuzi. Ukuta unaobeba paa usitobolewe dirisha bila kuwekwa linta ya zege au mbao ngumu juu yake.

Mambo mawili yanataka uangalifu zaidi. La kwanza ni paa la asbesto, lile la kijivu, gumu na zito lililopendwa zamani. Msilikate kwa msumeno wala kulivunja, kwa maana vumbi lake likivutwa huleta magonjwa mabaya ya mapafu, pamoja na saratani, baada ya miaka mingi. Ulizeni ofisi ya NEMA namna ya kuliondoa na mahali pa kulitupa. La pili ni rangi ya zamani, ambayo huenda ina madini ya risasi yanayodhuru akili za watoto. Msiikwangue ikiwa kavu. Ilowesheni kwanza, watoto wakae mbali, na mabaki yakusanywe yote.

3. Moshi kwanza, urembo baadaye

Wengi huanza na vigae na makabati. Anzeni na moshi. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miaka mingi kwamba moshi wa ndani ya nyumba huleta nimonia kwa watoto wadogo, na magonjwa ya mapafu na moyo kwa watu wazima. Mama mwenye macho mekundu kila jioni hana ugonjwa wa kuzaliwa nao. Ni nyumba inayomdhuru.

Moshi hupanda juu, kwa hiyo mwacheni atoke juu. Ule uwazi kati ya ukuta na paa nilioufunga mimi ulikuwa na kazi yake. Ukileta wadudu, wekeni wavu, msiuzibe. Dirisha na mlango vikikabiliana, hewa hupita vizuri zaidi. Mkiweka bomba la moshi, lipite juu ya kilele cha paa ili upepo usiurudishe moshi ndani, na lisigusane na mbao. Lisafisheni mara kwa mara, kwa sababu masizi yakijaa huweza kushika moto.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG lilifanya kazi na akina mama huko Kajiado na Kenya magharibi kutafuta njia za kupunguza moshi. Njia walizozitumia ni zile ambazo fundi wa kijijini anaweza kuzifanya: kofia ya bati juu ya meko yenye bomba la kutolea moshi, madirisha makubwa zaidi, uwazi chini ya paa, na jiko la upesi. Jiko hili ni kama chungu cha udongo wa kuchoma kisicho na kitako, kilichozungushiwa mawe na matope, nalo hula kuni chache kuliko mafiga matatu.

Wanaotumia makaa wasijidanganye kwa kuwa moshi wake ni mdogo. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunusika, nayo huua watu usingizini. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi.

4. Pimeni kwa mwili wa mpishi

Meza ya kukatia mboga huwa sawa ikiwa chini ya kiwiko cha mpishi kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi ni kama sentimita 85 au 90 kutoka sakafuni. Lakini meko ya kusongea ugali wa watu wanane ni jambo lingine. Kusonga kunataka nguvu ya mabega, kwa hiyo meko hayo yawe chini zaidi. Sisi tulipanga matofali bila simiti, mke wangu akasonga juu yake siku kadhaa, tukiongeza na kupunguza mpaka akasema, "Hapo." Ndipo fundi akajenga. Jaribio lile halikutugharimu shilingi hata moja.

Meko, maji na meza ya kutayarishia chakula visiwe mbali, ili mpishi asibebe sufuria ya moto akivuka mlangoni watoto wanapopita.

5. Maji yatoke, stima na gesi visilete msiba

Sakafu ya simiti iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, la sivyo mtakuwa mkikausha kwa matambara kila siku. Zege mpya imwagiwe maji kwa muda wa siku saba ili isipasuke. Maji machafu yapelekwe kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na kisima na mbali na msingi wa nyumba.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini sakafuni, kwa hiyo kuwe na tundu la hewa chini ya ukuta, si juu tu. Mtungi usimame wima. Mkitaka kujua kama unavuja, pakeni maji ya sabuni kwenye kiungo cha mpira, mtazame mapovu. Msijaribu kamwe kwa kiberiti. Nyaya za stima za miaka mingi zikaguliwe na fundi mwenye leseni, na soketi ziwe mbali na sinki.

6. Pesa ziwe mezani

Hapa ndipo ndoa nyingi huumia. Bwana anakopa bila kumwambia mke, au bibi anatoa akiba ya chama kwa siri. Semeni ukweli wote: tunazo ngapi, tunadaiwa ngapi, na karo ya muhula ujao itatoka wapi. Kazi isiyokamilika mwaka huu itamalizika mwakani, lakini imani iliyovunjika haina fundi wa haraka.

Orodhesheni vifaa na ulizeni bei katika maduka mawili au matatu. Mkinunua mabati, kumbukeni kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Tengeni kando sehemu ya kumi ya pesa zote, au zaidi, kwa yale yasiyoonekana. Ukuta wa zamani ukifunguliwa huwa na habari zake.

Mapatano na fundi yaandikwe: kazi gani, kwa siku ngapi, nani ananunua vifaa. Mlipeni kwa hatua, kazi ikionekana, na msimpe zote mwanzoni. Wala msimnyime haki yake kazi ikiisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi mmoja ashike pesa na mwingine ashike daftari.

Mpango wa kazi uwe huu: paa kwanza, kisha madirisha na njia ya moshi, kisha mabomba na nyaya, kisha sakafu na meko. Rafu na rangi ni za mwisho. Pesa zikiisha njiani, angalau mtakuwa mmeshamwondoa moshi. Tena amueni mapema mtapika wapi wakati kazi inaendelea. Turubai na meko ya muda nje ni bora kuliko kugombana kila jioni juu ya chakula kilichochelewa.

Wapendwa, siku ya ndoa tuliahidi kupendana na kuheshimiana siku zote za maisha yetu. Ahadi hiyo hatuitimizi sebuleni mbele ya wageni tu. Jikoni kwetu sasa hakuna vigae. Lakini moshi unatoka, na jioni mke wangu huweza kuketi nasi kusali Rozari bila kufuta macho. Juzi mgeni alisifu kazi ile, akaniuliza ni nani aliyechora ramani. Nikamwonyesha mama watoto.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni jambo gani jikoni kwetu linalomchosha au kumwumiza anayepika, ambalo hatujawahi kulizungumza?

2. Je, kuna kazi ya nyumba ambayo mmoja wetu aliiamua peke yake? Ilimwacha mwenzake na moyo gani?

3. Kama tungekuwa na pesa za kufanya jambo moja tu mwaka huu, kila mmoja angechagua lipi? Andikeni kila mtu peke yake, kisha msomeane.

Zoezi la mwezi: bwana apike chakula cha jioni siku tatu mfululizo katika jikoni ileile, kisha mketi na daftari.