Viambishi -ka- na -ki-: Bonde la Ziwa Albert

Katika somo lililotangulia tuliona kwamba viambishi -ka- na -ki- huunganisha vitendo, kila kimoja kwa namna yake. Kiambishi -ka- hudokeza kwamba tendo moja lilitangulia ndipo jingine likafuata. -Ki-, kikija baada ya kitenzi kikuu, huonyesha matendo yaendayo pamoja. Wanachuo wengi hudhani kuwa tofauti hii ni ya mtindo tu. Tuzichunguze sentensi mbili:

(1) Bonde la Ziwa Albert lilididimia likajaa mashapo.
(2) Bonde la Ziwa Albert lilididimia likijaa mashapo.

Kisarufi zote ni sahihi. Kwa ukweli wa mambo, ya kwanza inapotosha. Niliwahi kumkagua mwanachuo katika mafunzo kwa vitendo, naye aliiandika sentensi (1) ubaoni. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, kabla ya kujaa lilikuwa na kina gani?" Mwanachuo akakosa jibu. Mtoto hakuwa na kosa. Swali lake lilizaliwa na -ka-.

Mashapo ni mchanga, udongo, changarawe na mabaki ya viumbe ambavyo huchukuliwa na maji au upepo na kutuama mahali pa chini. Ili yalundikane kwa wingi, sharti pawepo mahali pa kuyapokea. Magharibi mwa Uganda, mpakani na Kongo, mahali hapo palitokana na kutanuka kwa ganda la dunia: lilivutwa pande mbili, likakonda, likapasuka, na kipande cha kati kikaanza kushuka baina ya nyufa. Hapa -ka- inafaa, kwa kuwa kila hatua iliiandalia njia ile iliyofuata. Mito nayo, ukiwamo Semliki unaopita chini ya milima ya Rwenzori, ikamwaga mashapo humo.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Ziwa Albert halina kina kikubwa; mahali penye kina kirefu kabisa hapazidi mita 60. Hata hivyo, chini ya sakafu yake mna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Msomaji wa sentensi (1) atawazia shimo la kilomita hizo zote likingoja kufukiwa. Ingekuwa hivyo, matabaka ya chini yangetuama katika maji ya kina kirefu mno. Lakini mengi katika matabaka ya bonde hili ni mchanga wa mito na wa fukwe, pamoja na magamba ya konokono wa maji ya kina kifupi. Maana yake ni kwamba sakafu ilikuwa ikishuka kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, na mashapo yakiifuatia. (Ndiyo sababu sipendi bonde la namna hii liitwe "beseni" darasani: beseni la nyumbani lina kitako kisichosogea.)

Tusiidai -ki-, hata hivyo, zaidi ya uwezo wake. Ziwa Tanganyika limo katika tawi lilelile la Bonde la Ufa, na huko pia sakafu ilididimia ikifunikwa na mashapo. Lakini mashapo hayakuiwahi sakafu, na leo ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 hivi. Kiambishi -ki- huonyesha kwamba matendo yalikwenda wakati mmoja. Hakisemi kwamba yalikwenda kwa kasi moja.

Limebaki suala la kauli. Uzito wa mashapo nao huikandamiza sakafu na kuishusha zaidi. Je, tuandike "bonde lilididimizwa na mashapo"? La. Kauli ya kutendwa ikifuatwa na "na" humtaja mtenda, na mtenda wa kwanza hapa ni nguvu zilizolivuta ganda la dunia. Ni afadhali kuandika: "Bonde lilididimia, na uzito wa mashapo ukazidi kulididimiza."

Zoezi

Eleza tofauti ya maana kati ya "Mto ulipungua maji ukiacha mchanga" na "Mto ulipungua maji ukaacha mchanga". Kisha tunga sentensi tatu kuhusu ziwa au mto ulio karibu na chuo chako, ukitumia -ka-, -ki- na kauli ya kutendesha. Kwa kila sentensi, taja jambo unaloweza kumwonyesha mwanafunzi akiuliza umejuaje.